Mkanda Mbovu Si Kudura

Abiria anayepanda matatu mjini Nakuru kwenda Njoro, Molo, Gilgil au Eldoret anaifahamu barabara tamthilia hii fupi. Gari linakaribia kizuizi cha polisi. Utingo anageuka, anatupia jicho viti vya nyuma na kutoa amri: "Fungeni mikanda, wasafiri." Mama mmoja anauvuta mkanda wake, anapapasa upande wa pili wa kiti akitafuta mahali pa kuuchomeka, anapakosa. "Weka tu hapo juu ya tumbo, mama," utingo anamwelekeza kwa upole, "halafu ukalie ncha. Tukishapita utaachilia." Mama anatii. Askari anachungulia dirishani, anaona utepe mweusi umempita kila abiria tumboni, anapunga mkono. Gari linaondoka, mikanda inadondoka sakafuni, na safari inaendelea.

Nakiri kwamba nami nimeshiriki katika tamthilia hiyo, tena si mara moja. Nimeukalia mkanda usio na kifungio, nikamtazama askari usoni kama mtu asiye na hatia, na saa moja baadaye nikasimama mbele ya wanafunzi wangu kuwaeleza uhusiano uliopo baina ya neno na kitu kinachotajwa na neno hilo. Sikutambua kwamba kielelezo bora cha somo nilikuwa nimekiacha ndani ya matatu. Kile kilichokuwa tumboni mwangu kiliitwa mkanda wa usalama, ilhali usalama haukuwamo. Lilikuwa jina lisilo na kitu.

Sina nia ya kurudia hapa wito tuliokwisha kuuzoea wa kuwahimiza abiria wafunge mikanda. Wito huo ni wa haki na umetolewa na wengi. Ninalotaka kulijadili ni jambo ambalo aghalabu hatulitaji: je, abiria aliyefunga mkanda ukafunguka wakati wa kishindo, au aliyetaka kufunga akakuta mkanda hauna kifungio, kisha akavunjika mgongo au kupasuka uso, ana haki gani? Na kama anayo haki, mbona ni wachache mno wanaoidai?

Tuanze na historia, maana taifa hili ni sahaulifu. Mnamo Februari 1, 2004, kanuni mpya za trafiki zilizochapishwa mwaka 2003 zilianza kutekelezwa chini ya Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki. Kanuni hizo, ambazo hadi leo wananchi huziita Kanuni za Michuki, ziliyalazimu magari ya abiria yawe na vidhibiti mwendo vya kuyazuia kupita kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda. Tena haukutakiwa mkanda wowote tu. Ulitakiwa mkanda uliotimiza viwango vya ubora vilivyokubaliwa nchini. Wenye matatu waligoma kwanza, kisha wakatii, na kwa muda barabara zetu zikawa na nidhamu ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona maishani.

Nidhamu hiyo iliyeyuka polepole. Mnamo Novemba 12, 2018, serikali ilipoamua kuzifufua kanuni hizo kwa msako wa nchi nzima, maelfu ya wasafiri walikwama vituoni kwa sababu magari mengi hayakuthubutu kuingia barabarani. Kwa nini? Kwa sababu mengi hayakuwa yametimiza masharti, na mikanda ilikuwa miongoni mwa masharti hayo. Palipo haraka ya namna hiyo, tusishangae yakifanyika ya haraka. Mkanda unaofungwa usiku mmoja ili gari lipite kizuizini asubuhi haukutengenezwa kwa ajili ya abiria. Umetengenezwa kwa ajili ya jicho la askari.

Na hapo ndipo penye hatari. Walimu wa fizikia wanaweza kunisahihisha, lakini hesabu yenyewe ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa huenda takriban mita 22 kwa kila sekunde. Likigonga lori na kusimama ghafula, mwili wa abiria ambaye hakushikiliwa na kitu hausimami pamoja nalo. Unaendelea mbele kwa kasi ileile hadi ukutane na kiti, kioo au abiria mwenzake. Kasi hiyo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 25, yaani jengo la ghorofa nane. Hakuna mzazi ambaye angemruhusu mwanawe kuchezea ukingoni mwa paa la jengo kama hilo, lakini kila siku tunawapandisha watoto wetu magari ambayo mikanda yake haiwezi kumshika hata paka.

Mkanda uliokamilika ni chombo cha maarifa mengi. Ule wa ncha tatu, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Sweden mwaka 1959, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kufunga mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa wanaosafiri ndani ya gari hadi kufikia asilimia 50. Lakini faida hiyo hupatikana kwa sharti kwamba kila kiungo chake kiwe kizima. Utepe lazima uwe imara, usioliwa na jua wala kukatwakatwa. Ule mtambo mdogo unaouvuta na kuukunja lazima ukaze papo hapo gari linaposhtuka. Bizimu, yaani kile kifungio ambamo ulimi wa chuma huchomekwa, lazima ishike na isiachilie mpaka iamriwe. Na bolti zinazoufungia mkanda lazima ziwe zimekita katika chuma cha gari chenye nguvu, si katika bati jembamba la sakafu wala katika kiti ambacho chenyewe kitang'oka.

Kiungo kimoja tu kikiwa kibovu, vingine vyote havina maana. Wala si magari yetu peke yake yenye maradhi haya. Mwaka 1995, kule Marekani, magari zaidi ya milioni 8, mengi yakiwa ya kampuni za Japani, yaliitwa yarudishwe kukaguliwa kwa sababu ya mikanda iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Ilibainika kwamba plastiki ya kitufe cha kufungulia ilikuwa ikichakaa na kumeguka, na vipande vyake vikaingia ndani ya bizimu na kuizuia isishike. Mtu alisikia mlio wa kufunga akadhani amefunga. Kumbe hakufunga. Ikiwa dosari ya namna hiyo iliweza kupenya katika viwanda vikubwa vyenye wakaguzi na maabara, seuze katika gari lililoagizwa kutoka ng'ambo likiwa kuukuu, lililokuwa la kubebea mizigo, kisha likatiwa viti na mikanda na fundi ambaye hakuna aliyekagua kazi yake?

Fauka ya hayo, mkanda usiofaa huweza kuleta majeraha yake wenyewe. Ule unaopita kiunoni tu, ambao umejaa katika magari yetu, ukilegea na kupanda juu ya tumbo badala ya kulala juu ya mifupa ya nyonga, huweza kuyaumiza matumbo na kuivunja pingili ya uti wa mgongo. Uliosokotwa kama kamba huikusanya nguvu yote ya kishindo mahali pamoja. Basi mkanda si mapambo. Ama ni ngao, ama ni mtego.

Niruhusu, msomaji mpenzi, nikusimulie kisa kimoja. Miaka kadhaa iliyopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu akitembea kwa mkongojo, kuniomba muda zaidi wa kukamilisha tasnifu yake. Alikuwa ameumia katika matatu iliyogonga trela karibu na Gilgil. Alikuwa amefunga mkanda, na alikumbuka vyema kwamba aliusikia ukilia alipouchomeka. Gari lilipogonga, bizimu iliachia. Nyonga ilivunjika, akakosa masomo mwaka mzima, na wazazi wake wakauza ng'ombe wawili na sehemu ya shamba kulipia matibabu. Nilimwuliza kama alikuwa amedai fidia. Alinitazama kwa mshangao. "Ilikuwa ajali tu, mwalimu," akasema. "Nitamshtaki nani?" Nilipomwuliza tarehe, nikapiga hesabu kwa vidole. Miaka mitatu na miezi minne ilikuwa imepita. Nilimpeleka kwa wakili rafiki yangu, naye akatueleza kwa huzuni kwamba muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha. Gari lenyewe lilikuwa limekwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, pamoja na ile bizimu.

Jibu la kijana yule limenikaa moyoni kwa sababu ya neno moja, na kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu, sina budi kulieleza. Ajali ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako hutaja muda uliowekwa, hasa muda wa uhai wa binadamu uliokadiriwa na Muumba. Katika Kiswahili cha kale neno hilo lilibeba maana ya kifo na majaaliwa. Mtu aliyefikwa na ajali alikuwa amefikwa na siku yake. Maana ya leo ya magari kugongana ilikuja baadaye, lakini kivuli cha maana ya awali hakikuondoka. Ndiyo maana tunasema kwa utulivu mkubwa kwamba ajali haina kinga. Tunapolitaja neno ajali, nusu ya akili yetu imekwisha kupiga magoti.

Siwakashifu wahenga wala simpingi mtu katika imani yake. Yapo mambo yasiyo na kinga. Radi haina kinga, na maradhi mengine hayana. Lakini mkanda wa usalama ni kinga kwa maana yake halisi kabisa, na mtu aliyepewa jukumu la kuiweka kinga hiyo akaiacha imeoza, hawezi baadaye kusimama kando ya maiti na kunena kwamba ajali haina kinga. Sheria haiulizi kama siku ya mtu ilikuwa imefika. Huuliza maswali mengine: ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumlinda huyu? Je, aliutimiza? Kama hakuutimiza, je, madhara yametokana na kutotimiza huko? Jina la jambo hilo si kudura. Jina lake ni uzembe.

Na sheria zetu zinayajibu maswali hayo waziwazi kuliko wengi wanavyodhani. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata vilivyo na ubora ufaao, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro katika bidhaa au huduma hizo. Kasoro ni neno la Katiba yenyewe, si langu. Abiria aliyelipa nauli amenunua huduma. Kiti chenye mkanda usioshika ni huduma yenye kasoro. Sheria ya Trafiki nayo inakataza gari kutumika barabarani likiwa na sehemu zilizo katika hali ya kuhatarisha watu.

Basi ni nani wa kushtakiwa? Kwa kawaida ni dereva na mwenye gari kwanza. Abiria hashiki usukani, na mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba ni vigumu kumlaumu kwa kugongana kwa magari ambayo hakuyaendesha. Kila gari la abiria linalazimika kuwa na bima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, na kampuni ya bima hulazimika kumlipa aliyeumia baada ya mahakama kuamua, hadi kiwango cha Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo humwangukia mwenye gari. Ikithibitika kwamba mkanda wenyewe uliundwa vibaya au ulifungwa vibaya, aliyeuunda au aliyeufunga naye anaweza kuunganishwa katika kesi. Msingi huo ulijengwa zamani, katika kesi mashuhuri iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932 juu ya mwanamke wa Scotland aliyekuta mabaki ya konokono katika chupa ya soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake. Mahakama iliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu kwa yule anayetumia bidhaa hata kama si yeye aliyeinunua kwake. Abiria wa Nakuru na mnywaji yule ni ndugu mbele ya sheria.

Lipo jambo jingine ambalo wasafiri yafaa walijue, kwa kuwa hutumiwa dhidi yao. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, chini ya Jaji Denning, iliamua kwamba mtu aliyepuuza kufunga mkanda hupunguziwa fidia: kwa asilimia 25 kama mkanda ungeyazuia majeraha yote, na kwa asilimia 15 kama ungeyapunguza. Hoja hiyo imefika katika mahakama zetu pia. Basi wakili wa bima atauliza: je, mlalamishi alikuwa amefunga mkanda? Abiria aliyekaa juu ya ncha ya mkanda ili kumhadaa askari atajibu nini? Akisema alifunga, amedanganya. Akisema hakufunga, amejipunguzia haki. Lakini akisema, na akaweza kuthibitisha, kwamba mkanda haukuwa na kifungio, lawama inarudi kwa yule aliyempa kiti hicho. Ndiyo kusema kwamba ile tamthilia ya kizuizini humwokoa mwenye gari leo na humwangamiza abiria kesho.

Kuthibitisha, basi, ndiko kwenye uzito. Anayeumia, au jamaa yake, na afanye mambo machache mapema. Aandikishe habari katika kituo cha polisi na kupata abstrakti, ambayo hutaja namba ya gari, mwenye gari na kampuni ya bima. Aombe ripoti ya ukaguzi wa gari baada ya kugongana, na ahakikishe mikanda imetajwa humo. Simu za mkononi zina kamera. Kiti, utepe, bizimu na bolti vipigwe picha kabla gari halijaburutwa. Majina ya abiria wawili watatu yaandikwe. Hospitalini, kama kifua au tumbo lina michubuko ya mkanda, daktari aombwe kuiandika katika maelezo ya matibabu, maana alama hiyo ni shahidi asiyehongeka kwamba mtu alikuwa amefunga. Risiti zote zihifadhiwe.

Kisha muda. Sheria ya ukomo wa mashtaka inatoa miaka mitatu tangu siku ya kuumia kwa madai ya uzembe. Dhidi ya Serikali, muda ni miezi 12 tu. Aliyefiwa naye anaweza kudai kwa niaba ya mjane, watoto na wazazi wa marehemu, pia katika miaka mitatu tangu kifo. Mlango wa kuongezewa muda upo, lakini ni mwembamba, na kutojua sheria hakuupanui. Tena mtu na ajihadhari na wale wanaozunguka wodini wakijiita wajumbe wa mawakili, na asitie sahihi hati ya kukubali malipo ya mwisho ya bima kabla hajajua jeraha lake litapona vipi. Sheria ya mawakili hairuhusu wakili kupatana na mteja kwamba atalipwa kwa sharti la kushinda kesi tu. Anayetoa ahadi tamu ya namna hiyo hospitalini amekwisha kujitambulisha.

Nasikia pingamizi za wenye matatu, na ni haki zisikilizwe. Wanasema abiria hukataa mikanda kwa kuwa ni michafu na huchafua mashati, kwamba wengine huikata kwa wembe au kung'oa bizimu, na kwamba fundi wa kuaminika na vipuri halisi ni ghali. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini mkanda mchafu hufuliwa, na aliyeuchafua kwa miaka mitano bila kuufua si abiria wa leo. Gurudumu likitoboka, mwenye gari halisubiri kumpata aliyemwaga msumari barabarani. Hulitengeneza kwa sababu bila gurudumu gari halipati nauli. Kasoro ya mkanda hairekebishwi kwa sababu moja tu: gari huendelea kupata nauli bila mkanda. Na litaendelea hivyo mradi gharama ya kuumia inabebwa na mgonjwa na ng'ombe wa babake. Kila dai la haki linaloshinda mahakamani huihamisha gharama hiyo kutoka zizi la mkulima wa Molo na kuirudisha inakostahili. Siku bima zitakapopanda kwa gari lenye mikanda mibovu, bizimu zitapatikana.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Je, mkaguzi huuvuta kila mkanda, au huhesabu tepe tu kama askari wa kizuizini? Barabara hii yetu inayopanda kutoka Naivasha, ikapita Gilgil na Nakuru, ikateremka na kukwea Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, imetuzikia watu wengi mno. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Tangu mwaka 2021 zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya. Sidai kwamba mikanda ingewaokoa wote. Kuna vishindo ambavyo mkanda hauvimudu. Lakini baina ya wanaokufa na wanaonusurika wamo maelfu wanaobaki na ulemavu, na katika hesabu yao ubora wa bizimu una sauti kubwa.

Sasa nawageukia wenzangu walimu, na wanafunzi wetu. Msiba wa barabara umebisha hodi shuleni na vyuoni. Mnamo Machi 2023 basi la Chuo Kikuu cha Pwani lilihusika katika mgongano mbaya hapa Naivasha, na mnamo Machi 18, 2024 wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walifariki basi lao lilipogongana na lori kule Maungu, katika kaunti ya Taita Taveta. Kila muhula tunaomba pesa za safari za masomo, michezo na tamasha za muziki, na kila muhula tunahesabu wanafunzi wanapoingia garini. Tunahesabu vichwa. Nani huhesabu mikanda inayofanya kazi?

Ukaguzi wenyewe hauhitaji shahada. Mkanda wa kujikunja uvutwe ghafula; usipokaza, ni mbovu. Ulimi wa chuma uchomekwe, kisha uvutwe kwa nguvu. Ukitoka, ni mbovu. Bolti itikiswe, ikicheza, ni mbovu. Mwalimu wa zamu na viranja wawili watamaliza basi zima katika muda usiozidi robo saa. Kiti chenye mkanda mbovu kiachwe wazi, na jambo hilo liandikwe katika kitabu na kutiwa sahihi na dereva. Maandishi hayo yatamlinda mtoto leo, na yakibidi yatamtetea mahakamani kesho.

Lakini kazi yetu kubwa zaidi ni ya lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na sheria inaruhusu mahakama za chini kuendeshwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Hata hivyo sheria hiyohiyo inaagiza ushahidi uandikwe kwa Kiingereza, na Mahakama Kuu iendeshwe kwa Kiingereza. Abiria wa Njoro anaumia kwa lugha moja na kufidiwa kwa lugha nyingine. Katikati ya lugha hizo mbili ndimo anamopotea, na ndimo madalali wanamojenga maskani. Tukiwafunza watoto wetu kuandika insha juu ya ajali niliyoishuhudia, wanatuandikia moto, mayowe na damu kwa ufundi mkubwa, kisha wanahitimisha kwamba ajali haina kinga. Tuwape zoezi jingine. Waandike barua ya madai. Wajue tofauti ya mlalamishi na mshtakiwa, ya fidia na rambirambi, ya kudura na uzembe. Mtoto anayelijua neno fidia hatakuja ofisini mwangu akiwa amechelewa miezi minne.

Nami nimejiwekea ahadi. Mwezi uliopita, katika matatu ya kwenda Njoro, nilikuta tena mkanda usio na kifungio. Nilimwita utingo kabla gari halijaondoka na kumwambia, "Kijana wangu, huu haufungi. Nipe kiti kingine, ama nishuke." Alicheka kwanza. Kisha mzee mmoja nyuma yangu akasema wake pia haufungi, na msichana wa shule akasema hivyohivyo. Kicheko kikakoma. Tulichelewa kidogo kuondoka, tukahamishiwa gari jingine, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa dereva.

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga, nasi tuwaachie heshima yao. Hawakunena kwamba uzembe hauna kinga, wala kwamba hauna mwenyewe. Mwenyewe yupo, ana jina na namba ya gari, na sheria imetupa miaka mitatu ya kumtaja.